Simu ya Kwanza Kutoka Kileleni

Mimi nina wivu, na sikuanza jana. Wenzangu huonea wivu gari la jirani au mume wa shoga yao. Mimi kwa miaka mingi nimeuonea wivu mlima. Tena si kilima cha karibu ambacho ningeweza kukikata jicho kila asubuhi nikifagia uwanja. Ni ule mkubwa wenye theluji, Kilimanjaro, ambao kutoka kwangu Ipagala, mjini Dodoma, hadi ulipo ni safari ya basi ya kutwa nzima.

Mume wangu amezaliwa chini yake. Yeye ni dereva wa serikali, mtu mpole, hajawahi kunitambia mlima hata siku moja. Sikuwa na haja ya kutambiwa naye, maana mama yake aliifanya kazi hiyo kwa niaba ya ukoo mzima.

Mtoto tuliyejaliwa ni mmoja, wa kike. Nilimzaa hapa hapa Dodoma. Amekula mlenda na ugali wa uwele, amecheza kwenye hili vumbi jekundu mpaka soksi zake nyeupe za shule nikazisamehe. Lakini kila Desemba tulikuwa tunapanda basi kwenda kwa bibi yake, na kila Januari alirudi akiwa amenenepa mashavu na kuota maringo. Siku moja, bado yuko shule ya msingi, nikiwa ndani nashona, nilimsikia nje akimwambia mwenzake: "Kwetu maji yanapita nyuma ya jiko, na ukiinua kichwa unaona theluji." Nilisimamisha cherehani. Alisema kwetu. Hapa nilipomzalia, nilipomlea, kumbe palikuwa ni mahali tu anapokaa.

Najua kwa desturi mtoto ni wa kwa baba yake. Hilo sihitaji kuelimishwa. Kilichoniuma ni kwamba sikuwa na kitu cha kushindana nacho. Kule kwa mama mkwe kuna mfereji ambao wazee wao waliuchimba zamani, wakayatoa maji mtoni huko juu na kuyateremsha kwenye migomba, uwanja kwa uwanja. Kila familia ina zamu yake ya kuyafungulia yaingie shambani, na siku ya kusafisha mfereji asiyetokea hunyimwa maji. Mama mkwe hufungua kizuizi kwa ncha ya jembe, maji yakamfuata kama kuku. Wana mvua za vuli na mvua za masika. Sisi huku mvua yetu ni ya msimu mmoja, nayo huja ikiwa imekasirika, inapiga, inaondoka. Mito yetu kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Maji yapo, lakini yapo chini, na anayeyataka anapiga magoti na kuchimba.

"Hayo maji ni theluji yetu inayeyuka," mama mkwe alikuwa akiniambia kila tulipofika, kana kwamba nimesahau tangu mwaka jana. Binti yangu alipokua akasoma, akamwambia kwamba wataalamu wanasema maji mengi ya mito ile yanatoka kwenye mvua na ukungu wa msituni, ya theluji ni kidogo sana. Bibi hakutaka kusikia. Mimi nilisikia vizuri sana, nikaomba arudie.

Na kuna siku redio ilisema barafu ya mlima ule inapungua mwaka hadi mwaka. Moyoni nikasema: afadhali. Nilishtuka mwenyewe kwa kusema hivyo, lakini sikulifuta.

Basi, binti akamaliza chuo hapa Dodoma. Mimi kichwani nilikuwa nimeshamwona kwenye ofisi, amevaa sketi niliyomshonea, kitambulisho kinaning'inia kifuani, jioni anarudi kwangu. Akaniambia anakwenda kwa bibi kujifunza kuongoza wapanda mlima. Nililia, nikanuna, nikamtuma baba yake akamkanye, baba yake akarudi anatabasamu kijinga. Akaenda. Alianza kwa kubeba mizigo ya wageni, kisha wakamchukua kwenye mafunzo ya waongozaji. Mwezi wa kumi na moja ndipo zamu yake ya kwanza ya kufika kileleni kabisa ilipofika.

Na mwezi huo huo, kwa bahati yangu ilivyo, mama mkwe akaletwa kwangu. Alikuwa na mtoto wa jicho, na mume wangu alitaka atibiwe hapa karibu naye. Akafanyiwa upasuaji, akarudi Ipagala jicho moja limefunikwa bandeji na jingine nalo likiona kwa kubahatisha. Mume wangu akapangiwa safari ya kikazi. Nikabaki na mama yake, feni, na maji ya bomba yanayokuja yanapotaka.

Binti alipiga simu siku ya kuanza kupanda. Niliweka sauti kubwa ili bibi naye asikie.

"Shikamoo Mama, shikamoo Bibi."

"Marahaba," tukajibu kwa pamoja, na hata hapo nilitaka yangu itangulie.

"Nikifika juu kabisa nitapiga. Mtandao huwa unashika kule. Ila baridi inaua betri, wenzangu wanasema nitawahi simu moja tu."

Hakusema ataipiga kwa nani. Alipokata, mama mkwe alijiegemeza kwenye kochi langu, akakunja mikono kifuani. "Atanipigia mimi," alisema kwa utulivu. "Mlima ni wetu."

Nilikwenda jikoni nikasugua sufuria ambayo ilikuwa safi. Nilimbeba mimi, nikamnyonyesha mimi, nikakesha naye akiugua surua. Kama angekuwa na simu moja tu ya kupiga kutoka mahali pa juu kuliko pote Afrika, na akampigia mwingine, basi ningejua kwamba nimelea mtoto wa watu. Hivyo ndivyo nilivyoliweka jambo lile kichwani, na sikuona namna nyingine ya kuliweka.

Kila jioni alituma picha kutoka kambi aliyofika. Mama mkwe hakuweza kuziona, ikawa ni kazi yangu kumsimulia. Kwanza msitu unaotiririka maji, miti imeota ndevu. Kisha vichaka, kisha mawe na mchanga mweusi usioota kitu. Halafu siku moja mlima ukatokea wote, na theluji mpya ilikuwa imeshuka chini mno, imefunika mpaka mawe ya mabegani. Sijawahi kuuona mweupe vile.

"Theluji ipo?" mama mkwe akauliza.

"Ipo kidogo."

"Imefika wapi?"

"Pale juu juu tu, Mama. Imepungua sana siku hizi."

Kwake theluji haikuwa pambo. Akiona weupe umeshuka chini, alikuwa na imani kwamba mfereji utakuwa na maji mpaka kiangazi, na alishamwachia jirani zamu yake huku akihofia migomba. Nilijua. Bado nikaipunguza theluji yao kwa mdomo wangu, nikalala vizuri.

Jumamosi tulikwenda kijijini kwetu, upande wa Bahi, kwa dada yangu mkubwa. Bandeji ilikuwa imeshatolewa, mama mkwe amevaa miwani myeusi kama mheshimiwa. Nilimwambia nampeleka akabadilishe hewa. Ukweli ni kwamba nilitaka tuwe kwetu siku ya simu, si kwenye nyumba ya mwanawe. Kilele kilikuwa kipandwe asubuhi ya Jumamosi hiyo hiyo, lakini kabla hatujaondoka binti alituma ujumbe kwamba upepo ulikuwa mkali na theluji juu ilikuwa laini mno, miguu inazama mpaka magotini, na mgeni mmoja ameshushwa kwa kuumwa kichwa na kutapika. Kiongozi wao ameamua wasubiri siku moja kwenye kambi ya mwisho, theluji igande. Ikiganda, njia inabeba. Wataondoka usiku wa manane, na jua likichomoza Jumapili watakuwa kwenye ukingo wa juu wa mlima, kisha watembee tena kwa muda mpaka kilele chenyewe.

Dada yangu alitupokea kwa mikono miwili. "Mbukwenyi!" akamsalimu mama mkwe kwa Kigogo, na mama mkwe akaitikia marahaba, kila mmoja akaridhika. Usiku ule tulikula kuku. Simu zetu zote mbili tulizichaji kwenye sola ya dada, zimelala ubavu kwa ubavu, na nilihakikisha yangu ndiyo imejaa kwanza.

Jumapili alfajiri tulikuwa uwanjani. Nyumba ya dada iko kwenye mwinuko, mtandao unashika vizuri. Huko chini korongoni, ambako mto wetu hupita wakati wa mvua, haushiki kabisa. Kila mtu wa pale anajua hivyo. Mama mkwe alikaa kwenye kiti, simu yake ya vitufe ameishika mapajani kwa mikono miwili. Mimi nilikaa kwenye kigoda, yangu nimeifunga kwenye pindo la khanga. Jogoo wa dada alikuwa akipita kati yetu akitukagua.

Jua likachomoza. Nikahesabu kichwani: sasa wako ukingoni, bado kutembea mpaka kileleni kwenyewe. Muda upo.

Dada akaleta chai. Mama mkwe akanywa funda moja, akaliweka mdomoni, akalimeza kama dawa. Akakiangalia kikombe kupitia miwani yake myeusi.

"Maji haya yana chumvi," alisema.

"Ni ya kisima cha pampu," dada akamjibu kwa upole. "Huku maji yetu mengi ndivyo yalivyo, mama."

"Masikini mjukuu wangu," akasema mama mkwe. Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililonimaliza. "Kumbe amekuzwa kwa maji haya. Ndiyo maana akija kwangu anakunywa kwenye mfereji kama ndama."

Mori ulinipanda mpaka masikioni. Nilisimama. Nikachukua ndoo, nikachukua kata iliyoning'inia ukutani, nikasema: "Ngoja nikakuletee maji ya kwetu, Mama. Uyaonje."

"Maji si yapo ndani, wewe?" dada akasema. "Mtungi umejaa. Kaa usubiri simu ya mtoto."

"Narudi sasa hivi."

Nikateremka. Mchanga wa korongo ulikuwa bado una ubaridi wa usiku. Nilipachagua mahali pangu kwenye mkunjo wa mto, chini ya ukingo wa nje, pale ambapo mama yetu alikuwa akituonyesha, kwa kuwa maji yakiondoka huwa yanapasahau mwisho. Nikapiga magoti nikaanza kuchimba kwa kata na mikono. Mchanga mkavu ulibomoka ukarudi shimoni, nikaupanua. Ukaja mchanga wenye unyevu, ukaja mchanga mzito, halafu chini kabisa shimo likaanza kutoa jasho. Furaha niliyoipata siwezi kuificha. Nilikuwa sijachimba tangu niolewe, na mikono ilikuwa haijasahau.

Maji ya kwanza huwa machafu. Unayachota unayamwaga, unayasubiri mengine. Nikamwaga. Ya pili yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, nayo nikamwaga. Ningeweza kuyachukua ya tatu, yalikuwa yanafaa kabisa, sisi tumeyanywa hivyo miaka yote. Lakini nilikuwa nampelekea mtu wa mfereji. Nilitaka ayaweke kwenye glasi ayaone mpaka ng'ambo. Nikakaa pembeni ya shimo langu, nikaacha mchanga utulie, nikawa natunga maneno nitakayomwambia. Nilitunga mazuri sana. Yote nilikuwa nayasema kwa sauti ya upole, na yote yalikuwa na ncha.

Nilipopanda na ndoo kichwani, niliisikia sauti yake kabla sijafika juu. Mama mkwe alikuwa amesimama katikati ya uwanja, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, anapiga kelele kwa Kichagga, machozi yanamtoka mpaka kwenye jicho bovu. Anacheka, anapiga mguu chini. Dada amesimama pembeni, mkono mdomoni.

Niliitua ndoo. "Nipe."

Akanigeuzia kisogo kidogo, akaendelea kupaza sauti. Nikamsogelea. "Mama, nipe niongee naye."

Akaishusha simu sikioni, akaiangalia. "Imekatika," alisema.

Nilitoa yangu kwenye pindo la khanga. Nilipiga, ikaniambia namba haipatikani. Nikapiga tena, nikapiga na kupiga, na yule dada wa kwenye simu akaniambia vile vile kwa adabu ile ile.

"Amefika!" mama mkwe akawa anamwambia dada, anamwambia jogoo, anaiambia nyumba. "Yuko juu kabisa! Kuna jua, anasema, na mawingu yako chini ya miguu yake. Theluji imeganda, anasema, wanatembea juu yake kama sakafu. Tena imejaa! Anasema ni nyingi hata wazee wake wa kazi wanashangaa." Hapo akanigeukia. "Mbona wewe uliniambia ni kidogo?"

Nilichota maji kwenye ndoo kwa glasi ya dada, nikampa kwa mikono miwili kama inavyompasa mkwe. Yalikuwa meupe kabisa. Akanywa yote.

"Matamu," akasema, na alimaanisha.

Maneno yangu niliyoyatunga kule chini hayakutoka hata moja. Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, nikalia kwa hasira mpaka kamasi. Kwa hiyo ndivyo ilivyo, nikajiambia. Alikuwa na simu moja, akampigia yeye. Nilimchukia mama mkwe, nikamchukia na mlima, na kwa muda mfupi ambao Mungu anisamehe, nilimchukia na mtoto.

Njia nzima ya kurudi Ipagala nilitazama dirishani. Mama mkwe alisinzia ameegemea bega langu, na bega nililiacha.

Kesho yake jioni simu yangu ikaita. Nilikuwa napunguza kiuno cha gauni la mteja, mama mkwe yuko kwenye kochi. Jina la binti likatokea. Niliitazama ikiita. Nikaweka sauti kubwa, maana nilitaka anipe taarifa mbele ya huyo aliyempigia, yaishe.

"Mama! Tumeshuka mpaka getini. Uso wangu umebabuka, midomo imepasuka, usinione!"

"Hongera," nikasema. Ilitoka kavu.

"Mama, jana ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa wapi vipi?"

"Nilipofika juu nilikupigia wewe. Hupatikani. Nikavua glavu nyingine nikapiga tena, vidole vinauma mpaka nalia, hupatikani. Kiongozi ananiambia tushuke, hapa hapakaliwi. Nikapiga tena. Betri ikabaki kidogo kabisa, ndiyo nikampigia Bibi, nikajua mko pamoja atakupa. Nikamwambia, Bibi, mpe Mama. Nikamwambia tena. Halafu ikazima."

Niligeuza kichwa. Mama mkwe alikuwa akiikunja khanga yake kwenye magoti, anaikunja na kuikunjua. Hakuniangalia.

"Bibi alisema uko korongoni," binti akaendelea. "Korongoni unafanya nini, Mama, asubuhi ile?"

Mama mkwe ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia kwake, akiinamia simu.

"Alikwenda kunichotea maji ya kunywa, mjukuu wangu."

"Maji?" Binti alishangaa kweli, nilimsikia. Yeye nyumba ya mama yake mkubwa anaijua, na mtungi anaujua unapokaa. "Kwani ndani hayakuwepo?"

Mama mkwe akanyanyua macho yake, lile lisilotibiwa na lile linalopona, akanitazama. Alikuwa ananiachia mimi jibu.

"Yalikuwepo," nikasema.